Kuya-Kesho: kicheko pa kilio na ukumbusho wa wafu kwetu Katanga

Watu wengi wa mji wanafikiri ya kuwa kilio ni machozi tu. Mtu akicheka pa kilio, wengine, hasa wale waliosoma, wanasema ni kukosa adabu, ao ni mambo ya kijijini, ao ni pombe. Tumesikia hata wakubwa wa familia wakiomba watu wanyamaze, juu mgeni wa heshima amefika na anaweza kushangaa. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha ya kuwa kicheko cha kilio kina mizizi, kina sheria zake, na kina kazi: kinatunza mtu aliyekufa asipotee katika midomo ya watu. Tutaonyesha pia mahali ambapo kicheko hicho kinaharibika na kuwa kitu kingine, juu hilo nalo limetupata.

Kwanza tukumbuke mji wetu ulivyoanza. Union Minière iliundwa 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville 1910, na 1928 reli ya BCK iliunganisha Katanga na Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, katika inchi ya Kasayi. Kwa njia hizo wakaja watu wa Luapula, watu wa Rhodesia ya Kaskazini, Waluba wa Kasayi, Waluba wa Katanga, Wasonge na wengine, wakakuta wenyeji. Kila mmoja alileta masanduku yake, na ndani ya masanduku yake alileta namna yake ya kulia. Kampuni iliweza kuwapa watu nyumba, posho na kazi, lakini haikuweza kuwaambia nani atachimba kaburi na nani ataosha maiti. Mambo hayo watu waliyapanga wenyewe, kwa kabila, kwa ukoo, kwa wenzao wa kazi.

Tuanze na upande wa Wabemba na watu wa Luapula, kwa sababu kwao sheria ya kicheko ni wazi kabisa. Ukoo mmoja una ukoo mwenzake wa mizaha, na watu wa koo hizo mbili wanaitana banungwe. Ukoo wa Chui wanataniana na ukoo wa Mbuzi, ukoo wa Mamba na ukoo wa Samaki. Mtu anaelewa mara moja: chui anakula mbuzi, basi kila wakati wanapokutana wanaambiana maneno juu ya hiyo. Bibi mmoja mtaalamu Mwingereza, Audrey Richards, aliandika mambo hayo 1937. Lakini jambo kubwa haliko katika matusi ya mchezo. Jambo kubwa ni ya kuwa banungwe ndio wana kazi pa maziko. Wewe wa ukoo wa marehemu umevunjika moyo, mikono haina nguvu. Mnungwe wako ndiye anashika kazi, na mdomo wake haufungwi. Anaweza kusema mbele ya watu wote ya kuwa marehemu alikuwa mchoyo, ya kuwa sasa mbuzi wamepata amani, na hakuna wa kumkasirikia. Ukimkasirikia, wewe ndiye umekosa adabu.

Ndugu zetu wa Tanzania wanaita jambo hilo utani, na watani wao pia wana kazi pa msiba. Wazungu waliosomea desturi za watu waliliandikia sana katika miaka ya 1940, na wengi wao waliuliza swali moja: utani unasaidia nini amani kati ya koo? Swali zuri. Lakini sisi, tukiwa watu wa darasa la historia, tunaona swali lingine ambalo waliliacha pembeni: utani unasaidia nini ukumbusho?

Upande wa Waluba wa Kasayi kuna kasala. Kasala ni wimbo ao maneno ya sifa, ambamo mtu anaitwa kwa majina yake yote, majina ya baba zake, ya ukoo wake, ya mto na kilima alikotoka. Iliimbwa kwa vita, kwa furaha, na kwa kilio. Pa kilio mwimbaji, mara nyingi mwanamke, anaongea na marehemu mwenyewe uso kwa uso: anamkumbusha wafu waliomtangulia, anamtuma awapelekee habari, anamuuliza kwa nini ameacha kazi katikati. Vitabu viko. Clémentine Faïk-Nzuji, mshairi na mwalimu mkubwa wa lugha, alichapisha kitabu chake juu ya kasala hapa Lubumbashi 1974. Baadaye Kabuta Ngo Semzara, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Gent, Ubelgiji, alitoa 2003 kitabu juu ya sifa za mtu mwenyewe na sifa za mwenzake, na akaanza kufundisha watu wa kila kabila kutunga kasala ya leo, kwa Kifaransa na kwa lugha zingine, huko Ubelgiji na hata Kanada. Wazee wengine hawapendi jambo hilo. Wanasema kasala bila Ciluba ni supu bila nyama. Sisi hatukubali. Neno likisafiri linaweza kupata nguvu mpya, na Kiswahili chetu cha Lubumbashi chenyewe ni neno lililosafiri.

Kwa sababu hiyo, tulipofundisha ushairi wa mdomo katika darasa la tano la sekondari, tulitunga pamoja na wanafunzi kasala kadogo kwa Kiswahili cha hapa. Hatukutaka kuchukua kilio cha familia fulani na kukiweka kwenye ubao, si vizuri. Tuliunda mtu ambaye hayuko: fundi wa baiskeli, ambazo sisi huku tunaziita kinga. Wanafunzi ndio walimpa jina la utani, juu kila mmoja wao alikuwa anamjua fundi wa namna hiyo. Kwa wasomaji wa mbali: «kuya» ni njoo, «lufu» ni kifo, «njo» ni ndiyo, «kaye» ni daftari. Tazameni:

Kuya-Kesho, mwana wa Kuya-Kesho,
mujukuu wa ule aliambia muzungu: ngoja kwanza!
Weye fundi wa kinga za Katuba muzima,
na kinga yako unaisukuma na mikono.
Batu banaleta gurudumu, unabaambia: kuya kesho.
Banakuya kesho, unabauliza: kesho gani hii?
Bukari bwa kwanza bwako, bwa pili bwako,
bwa tatu unauliza: batoto balikula?
Kostime yako moja: ndoa yako, ndoa ya mutoto,
na leo tena. Leo njo inakuenea muzuri.
Lufu ilikuya pa mulango, ukaiambia: kuya kesho.
Batu bote balichokaka. Yeye hakuchoka.
Gurudumu ya mama wa mikate iko wapi?
Pompi ya mwalimu uliiweka wapi?
Kichwa yako njo ilikuwa kaye,
na kaye umeenda nayo.
Ukifika, salimia baba yako,
muambie nyundo yake tungali tunaitafuta.
Bakikuambia ingia, usibaambie kesho.
Siye huku, kila siku kinga itatoboka,
tutaita jina yako, tutacheka.
Na weye, kuya. Hata kesho.

Darasa lilicheka sana, halafu likanyamaza. Tuangalie sasa kwa nini linafanya hivyo, mstari kwa mstari pale inapostahili, na tupite haraka pengine.

Shairi linaanza na jina, kama kasala yote. Lakini jina hilo si lile la kitambulisho. Ni jina ambalo wateja walimpa kwa hasira. Na mara moja limepewa baba na babu: mwana wa Kuya-Kesho, mjukuu wa yule aliyemwambia mzungu angoje. Hapa wanafunzi walifanya jambo ambalo hawakulijua. Wamechukua kosa la mtu na kulifanya urithi wa ukoo. Uvivu wa mjukuu umekuwa ushujaa wa babu, kwa sababu wakati wa kazi ya lazima, kumwambia mzungu «ngoja kwanza» haikuwa mzaha, ilikuwa fimbo. Ndiyo namna historia inaingia katika kilio: haiingii kwa tarehe, inaingia kwa mlango wa nyuma, ikicheka.

Juu ya jambo hili la majina tunapenda kusimama kidogo. Mwanahistoria wa kwetu, Osumaka Likaka, alitoa 2009 kitabu kizima juu ya majina ambayo wanakijiji wa Kongo waliwapa wazungu wa serikali na wa makampuni, tangu miaka ya 1870 mpaka 1960. Anaonyesha ya kuwa majina hayo yalikuwa kumbukumbu: watu ambao hawakuwa na ruhusa ya kuandika malalamiko waliyaweka katika jina, na jina likatembea. Jina la Bula Matari, mvunja mawe, ambalo Stanley aliitwa huko Bas-Congo, lilimtoka Stanley na kuwa jina la Serikali yote. Wazungu wengine walifurahia majina yao bila kujua maana. Sasa, kama jina moja la mzaha liliweza kubeba serikali nzima zaidi ya miaka mia, fundi mmoja wa kinga ni mzigo mdogo.

Mistari ya bukari ni ya kuchekesha tu, na ni vizuri iwe hivyo. Kilio ni kirefu, watu wanakaa usiku kucha chini ya bashi, na mwimbaji anajua ya kuwa machozi yanachoka kama miguu. Anawapa watu nafasi ya kupumua. Mara tu wanapopumua, anawapiga: kostimu. Mstari ule, «leo njo inakuenea muzuri», ulitolewa na binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye haongeagi sana. Maana yake ni nini? Kostimu ilikuwa imembana miaka yote, juu ya bukari ile ya mara tatu. Ikiwa leo inamwenea, ni kwa sababu ugonjwa umemkausha. Shairi halitaji ugonjwa hata mara moja. Halitaji hospitali, halitaji miezi ya kuteseka. Kila mtu aliyeosha maiti ya mgonjwa anajua. Kicheko kinaanza mdomoni na kinafia kooni, na hapo ndipo darasa lilinyamaza.

Halafu kinakuja kifo, na kinakuja kama mteja. Katika hadithi zetu nyingi kifo ni mnyama, ao mwizi, ao mzee mwenye gunia. Hapa kimepanga mstari pamoja na watu wa magurudumu. Wote walichoka, chenyewe hakikuchoka. Msomaji atasema: ni mzaha juu ya kifo. Sisi tunasema ni mzaha juu ya fundi, na kifo kimetumiwa tu ili kumuonyesha fundi vizuri zaidi. Tofauti hiyo ni kubwa. Mtu akitania kifo peke yake, anaongea maneno ya jumla ambayo yanafaa kila mahali. Kasala inamtaka mtu huyu, wa barabara hii.

Sehemu ya gurudumu na pompi ina jambo la desturi ambalo vijana wengine hawalijui. Kwetu, kabla ya kumaliza kilio, familia inasimama mbele ya watu na kuuliza: nani ana deni na marehemu, na marehemu ana deni na nani? Wanaomdai wajitokeze leo. Ni sheria ya busara, kwa sababu mjane na yatima wasije wakasumbuliwa kesho kutwa na mtu mwenye karatasi ya uongo. Mwimbaji anapouliza iko wapi gurudumu ya mama wa mikate, watu wanacheka, lakini mama wa mikate yuko pale, na sasa kila mtu amesikia ya kuwa gurudumu ni yake. Kicheko kimefanya kazi ya mthibitishaji. Na nyundo ya baba, ambayo bado inatafutwa, inaonyesha ya kuwa deni lenyewe ni urithi: katika ukoo huu, kila mtu anakufa na kitu cha mwenzake.

«Kichwa yako njo ilikuwa kaye, na kaye umeenda nayo.» Hapa ndipo shairi linasema jambo lake kubwa, na linalisema kwa neno la shule. Fundi hakuandika kitu. Alijua gurudumu ya nani ni ipi, aliyelipa nusu ni nani, na siku yenyewe. Amekufa, na maarifa hayo yamezikwa pamoja naye. Si fundi tu. Wazee wetu waliojua majina ya koo, mipaka ya mashamba, na hata kasala zenyewe, wengi walikuwa makaye ya namna hiyo. Ni kwa sababu hiyo profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, tangu 2000, wamekusanya kumbukumbu za watu wa kawaida wa mji katika kazi yao inayoitwa Mémoires de Lubumbashi. Wanahistoria wanakwenda na mashine ya kunasa sauti pale ambapo zamani mwimbaji alikwenda na sauti yake tu.

Linganisheni sasa na maisha ya marehemu yanayosomwa kanisani ao uwanjani, yale yanayoandikwa kwenye karatasi moja: alizaliwa mahali fulani, alisoma msingi na sekondari, alioa, alifanya kazi, alikuwa mtu wa watu, ameacha mjane na watoto saba na wajukuu. Hatusemi vibaya, karatasi hiyo ina faida, inatunza tarehe. Lakini chukueni karatasi kumi za namna hiyo, futeni majina, mpe mtu wa familia atafute ndugu yake. Atashindwa. Kuya-Kesho hata ukimfuta jina, ataonekana. Ndiyo sababu tunasema mzaha unatunza mtu kuliko sifa. Sifa zinafanana. Makosa yetu madogo hayafanani.

Lakini nani ana ruhusa ya kuyataja? Hapa tunarudi kwa banungwe. Ruhusa si ya kila mtu. Ni ya mnungwe, ni ya mjukuu, juu kati ya babu na mjukuu kuna mchezo tangu kuzaliwa. Mtoto anayebeba jina la babu yake anaitwa «baba» na baba yake mwenyewe, na bibi anamwita mume wake na kumdai pesa za soko. Na kuna sharti lingine ambalo watu wanalisahau: awepo mtu wa kujibu. Marehemu hawezi kujibu, basi mwingine anajibu kwa niaba yake. Huko Luapula mtaalamu Ian Cunnison alikuta, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mambo ambayo kwetu si mageni: mrithi anapokea jina la marehemu na anakuwa marehemu yule. Wadogo wa marehemu wanakuwa wadogo zake. Akihadithia mambo yaliyopita zamani kabla hajazaliwa, anasema «mimi»: mimi nilivuka mto, mimi nilijenga hapa. Kwa hiyo mnungwe akisema marehemu alikuwa mchoyo, mrithi anasimama na kusema: «Mimi mchoyo? Na kuku wangu uliyemkula?» Watu wanaanguka kwa kicheko, na mfu amejibu.

Tukielewa sharti hilo, tutaelewa pia ubaya wa jambo ambalo hatuwezi kuliruka katika kijitabu cha desturi kinachotoka Katanga. Miaka mingi kambini na migodini watu wa makabila mbalimbali waliambiana mizaha juu ya chakula, juu ya namna ya kusema, juu ya ubahili. Ilikuwa mchezo, kwa sababu aliyeambiwa alijibu, na jioni walikunywa pamoja. Halafu 1992 na 1993 watu wa Kasayi walifukuzwa katika jimbo letu. Waliitwa bilulu, wadudu. Wengi walikaa majuma na miezi pembeni ya gare za Likasi na Kolwezi wakingojea treni, na wengine walikufa pale, watoto kwa wakubwa. Neno bilulu lilikuwa na sura ya jina la mzaha, lakini halikuwa mzaha. Hakuna jibu lililoruhusiwa. Halikuelekezwa kwa mtu mmoja mwenye kinga na kostimu, lilielekezwa kwa watu wote kwa mara moja, ili wasiwe tena na majina. Kasala inafanya kinyume kabisa: inamchukua mtu mmoja katika wengi na kumpa majina kumi. Wale waliokufa gareni, wengi hawakupata kilio, hawakupata mwimbaji, hawakupata mnungwe. Tukitaka kujua mji wetu umepoteza nini miaka ile, tuhesabu na hayo.

Jambo la pili ni la Kinshasa, na sasa linaonekana hata kwetu. Filip De Boeck, Mbelgiji aliyekaa sana katika mitaa ya Kinshasa, ameandika na kuonyesha katika filamu yake ya 2010 juu ya makaburi ya Kintambo namna vijana wanavyoteka kilio cha mwenzao: wanabeba jeneza wenyewe, wanaimba matusi, wanawashitaki wazee kwa kuua kijana. Wazee wanasema dunia imekwisha. Sisi tunaona vijana hao wamerithi nusu ya kitu. Wamerithi mdomo wazi wa mnungwe, lakini hawakurithi kazi yake. Mnungwe anatukana na anachimba kaburi, anatukana na anabaki mpaka mwisho ajibiwe. Kijana wa leo anatukana na anaondoka na gari. Ni kweli pia ya kuwa mara nyingi hana kwa nani kujibiwa: familia imetawanyika, ukoo haujui jina lake. Tusimhukumu haraka.

Kuna vifo ambavyo havina kicheko, na desturi ilijua. Mtoto mdogo akifa, hakuna wa kutania. Ana nini cha kutaniwa? Hajafanya bado makosa ya kuchekesha. Mtu aliyekufa kwa kuuawa naye analiliwa kwa namna nyingine. Mwimbaji mwenye akili anatazama kwanza nyuso za watu.

Mwezi wa tatu wa 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali ilikataza vilio nyumbani na katika masaluni. Maiti ilitoka morgi moja kwa moja mpaka makaburini, na watu wachache tu. Ilikuwa lazima, hatubishi. Lakini tumeona familia zilizozika namna hiyo zikibaki na kitu kimekwama. Watu waliongea juu ya marehemu kwa sauti ndogo, kwa sifa tu, kama mgonjwa aliyelala katika chumba cha pili. Baadaye, ruhusa iliporudi, wengine waliita watu kwa kuondoa kilio, mwaka mzima ao zaidi kisha maziko. Hapo kwanza ndipo mjukuu mmoja alisimama na kuiga namna babu yake alivyokuwa anakohoa akitaka chai. Watu walilia kuliko siku ya maziko.

Turudie kidogo kwa shairi letu, juu ya neno moja. Mwishoni mwa somo tuliwapa wanafunzi kazi ya kulipeleka katika Kifaransa. «Kuya-Kesho» iliwasumbua sana. Wengi waliandika «Revenez demain». Maana ni ileile, lakini hayo ni maneno ya karatasi iliyobandikwa pa mlango wa biro, na hakuna mtu amewahi kulilia biro. Mmoja alijaribu «Monsieur Demain», na sasa fundi amekuwa mtu wa chuo kikuu, kostimu zake ni nyingi. Yule binti wa nyuma aliacha «Kuya-Kesho» bila kugusa, katikati ya Kifaransa chake chote kizuri, na chini akaandika ya kuwa hilo ni jina, na jina la mtu halitafsiriwi. Tulimpa pointi zote.